Bwawa, mtambo wa maporomoko, banio au kuuacha mto? Ulinganisho kwa watu wa mito ya Malagarasi, Luiche na Ugalla, magharibi mwa Tanzania

Mkutano wa kijiji ukiitishwa kujadili mradi wa mto, kinachowekwa mezani mara nyingi ni kitu kimoja: mradi huu, ndiyo au hapana. Anayeuliza habari za samaki anaonekana mpinga maendeleo. Anayetaka umeme anaonekana hajali mazingira. Watu wanarushiana maneno, jua linazama, muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameafiki.

Ukweli ni kwamba mto mmoja unaweza kutumika kwa njia kadhaa, na kila njia ina viumbe inaowaumiza na viumbe inaowapita bila kuwagusa. Hapa nimeweka nne bega kwa bega, kwa ajili ya mjumbe wa serikali ya kijiji, diwani, kiongozi wa jumuiya ya watumia maji, mkulima wa mpunga kule Luiche, mvuvi wa Ilagala, na mfugaji wa Kaliua ambaye maji yake ya Ugalla hatimaye yanaingia Malagarasi hiyohiyo.

Ya kwanza ni bwawa, yaani ukuta unaofunga mto ili maji ya masika yahifadhiwe yatumike kiangazi. Ya pili ni mtambo wa maporomoko: kizuizi kifupi juu ya maporomoko kinaingiza maji kwenye mfereji au bomba, yanateremka kuzungusha mashine, kisha yanarudi mtoni. Ya tatu ni banio la umwagiliaji, ambapo maji yanapelekwa shambani na mengi hayarudi. Ya nne ni kuuacha mto utiririke, na umeme mkautafuta kwenye gridi au kwenye jua.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale. Mnapata nini, na miezi gani? Mtoni panabaki maji kiasi gani Agosti, Septemba na Oktoba? Katika kile kipande kitakachoguswa, yupo kiumbe asiyeishi kwingine duniani? Ikibainika baadaye kwamba mmekosea, mnaweza kurudi nyuma? Na nani analipa, nani anasimamia?

Ukubwa wa mradi sikuuweka kati ya vigezo, na ni makusudi. Ukubwa unadanganya. Mtambo mdogo uliowekwa mahali pabaya unaweza kumaliza aina nzima ya kiumbe, na mkubwa zaidi ukawekwa kilomita chache pembeni bila madhara ya namna hiyo. La kutazama ni kipande gani cha mto, na mwezi gani.

Jambo moja la kisheria kabla hatujaendelea. Sera ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo yanafuata ya kilimo, viwanda na umeme. Anayedai maji ya samaki anadai kilichokwishaandikwa. Haombi hisani ya mtu.

Mnapata nini, na lini

Bwawa ndilo linaloahidi mengi: umeme hata kiangazi, maji ya mifugo, na mara nyingi uvuvi mpya wa perege. Watu wa Tabora hawahitaji kuelezwa faida ya maji yaliyohifadhiwa, maana kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika, mji ulikuwa ukiangalia kina cha bwawa la Igombe kama mtu anavyoangalia salio lake.

Mtambo wa maporomoko unatoa umeme unaopanda na kushuka na mto wenyewe. Mfano wetu ni Igamba, kwenye Malagarasi chini ya Uvinza, mradi wa megawati 49.5 ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo mwaka 2020, na umeme wake kupelekwa Kigoma kwa njia ya zaidi ya kilomita 50. Malagarasi una bahati ambayo mito mingi haina. Kabla ya kufika Uvinza unapita kwenye ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, eneo la hekta zaidi ya milioni 3, la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Mafunjo na maziwa kama Sagara na Nyamagoma yanapokea mafuriko ya masika na kuyaachia polepole. Kwa maneno mengine, bwawa lipo tayari, halikujengwa na mtu, na likiharibiwa kwa kilimo na kuchomwa moto, mashine za huko chini zitakuwa za kwanza kulia.

Banio linatoa chakula na fedha, na linatoa kwa mtu aliye pale pale. Hili wataalamu wa umeme hulisahau: waya unaweza kupita juu ya paa la kijiji ukaenda zake mjini, lakini mpunga unalala stoo kwako. Ndiyo maana mpango wa serikali wa kumwagilia hekta 3,000 katika bonde la Luiche unazungumzwa Ujiji kwa hamu kuliko megawati za Igamba.

Kuuacha mto hakuna maana ya kukaa gizani tena. Kigoma iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, lakini tangu 2022 mkoa umeanza kuunganishwa na gridi ya taifa kupitia Nyakanazi, kituo ambacho pia kinapokea fungu la Tanzania kutoka Rusumo, mtambo wa megawati 80 tunaoumiliki pamoja na Rwanda na Burundi. Sola nayo inawasha zahanati, inalinda chanjo, inavuta maji ya kisima. Haitaendesha mashine za kukamua mawese usiku kucha bila betri za gharama kubwa, na anayekwambia itafanya hivyo anakuuzia kitu.

Maji ya kiangazi

Hapa njia hizi zinatengana kabisa.

Umeme hautumii maji. Unayaazima na kuyarudisha. Ila kuna kipande kinachorukwa, kati ya kizuizi na pale maji yanaporudi, ambacho kinaweza kuwa mita mia chache au kilomita kadhaa, na katika kipande hicho mto unabaki na kile tu mwendeshaji atakachokiacha kipite. Masika hakuna anayeona tofauti. Septemba mawe yanatoka nje, maji yanakuwa vidimbwi, vidimbwi vinapata joto. Kwenye ramani ya mradi wa mtambo wa maporomoko, weka kidole kwenye kipande hicho kwanza. Mengine yote ni ya baadaye.

Bwawa linafanya kinyume: linapunguza mafuriko na kuongeza maji ya kiangazi. Inasikika vizuri hadi ukumbuke kwamba kuna samaki wanaongoja mafuriko ili wapande kutaga, na nyanda za chini zinazongoja tope jipya la mto. Ukuta ukifunga, vyote viwili vinakosekana.

Banio ndilo linalokunywa maji kwelikweli. Mto Ruaha Mkuu ndio ushahidi wetu wa taifa. Kuanzia 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, baada ya maji ya bonde la Usangu kuelekezwa kwenye mashamba ya mpunga juu yake. Karibu zaidi na kwetu ni mto Katuma, mkoani Katavi, ambapo viboko wamekuwa wakisongamana kwenye matope baada ya mifereji ya huko juu kuchukua maji. Hakuna banio hata moja lililoua mto peke yake. Ni kila mmoja kuacha lango lake wazi usiku, mfereji wa udongo unaovuja njia nzima, na maji kufika shamba la jirani ambaye hana kibali. Skimu yenye mifereji ya saruji, inayolima mpunga masika na kufunga lango mto ukishuka, ni kitu tofauti kabisa na skimu inayolima misimu miwili kwa mfereji wa kuchimba, ingawa kwenye karatasi zote zinaitwa umwagiliaji.

Na kuuacha mto? Kusema kweli, mto ulioachwa bila mwenyewe haujalindwa. Ng'ombe wanaingia, kingo zinalimwa hadi majini ingawa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, miti inageuzwa mkaa. Mradi wa umeme angalau huleta mtu mwenye sababu ya kifedha ya kulinda chanzo. Hii ni pointi ya haki kwa upande wa wajenzi, na watetezi wa viumbe tunapaswa kuikubali.

Kiumbe asiye na kwao kwingine

Hili ndilo lenye mengi, na ndilo linalopewa dakika chache zaidi mkutanoni.

Tuanze na Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mtambo wake wa megawati 180 ulisifiwa kuwa mpole kwa mazingira: kizuizi si kirefu, ziwa lake ni dogo, watu hawakuhamishwa kwa maelfu. Mwaka 1996, kazi ikiwa imeshaanza, watafiti wakakuta ndani ya korongo chura wa rangi ya dhahabu, mdogo wa kukaa juu ya kidole gumba. Hatagi mayai majini kama vyura wengine. Jike huzaa vichura vilivyokamilika. Alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko peke yake, kwenye vipande vya majani mabichi ambavyo kwa jumla havizidi hekta chache. Maji yalipoelekezwa kwenye bomba, manyunyu yakaisha. Vikafungwa vinyunyizio kuyaigiza. Mwaka 2000 karibu vyura 500 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2003 waliobaki wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ukagundulika. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Vizazi vya wale waliopelekwa Marekani vilirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Vinyunyizio vyenyewe vinahitaji mtu wa kuvitunza kila siku.

Sasa Igamba. Mwaka 2008 Marekani, kupitia shirika lake la misaada la MCC (Millennium Challenge Corporation), ilitia saini na Tanzania msaada wa dola milioni 698, na ndani yake ulikuwemo mtambo mdogo kwenye maporomoko hayo. Uchunguzi wa mazingira ukafanyika kabla jiwe halijawekwa. Ukakuta viumbe wa majini, samaki na konokono, ambao uhai wao ungekuwa hatarini kama maporomoko yale yangenyang'anywa maji. MCC ikaachana na mtambo, na sehemu ya fedha ikageuzwa kuwa sola za shule na vituo vya afya Kigoma. Watu wengi mkoani walikasirika, na walikuwa na haki: umeme wa dizeli ulikuwa wa mgawo. Mradi ulirudi baada ya miaka zaidi ya kumi, ukiwa mkubwa mara kadhaa.

Tofauti ya Kihansi na Igamba ni tarehe tu. Kule kiumbe alipatikana baada ya uamuzi, huku kabla. Kule taifa limebaki na gharama isiyo na mwisho, huku mkoa ulibaki na miaka ya kungoja. Hakuna iliyokuwa bure.

Kwa nini Malagarasi una viumbe wa namna hii? Wataalamu wa samaki wanaamini mto huu ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna samaki wenye ndugu zao Kongo na ambao ziwani hawapo. Kisha kuna kundi la samaki wadogo wa jenasi ya Orthochromis wanaoishi kwenye maji ya kasi, chini, wakijibana kati ya mawe, mahali ambapo perege angesombwa. Mwaka 1998 aina kadhaa mpya zilielezwa kisayansi kwa mpigo mmoja, na majina yake yanasomeka kama tiketi za basi la kwetu: uvinzae, luichensis, kasuluensis, rugufuensis. Kila moja ina mto wake au kipande chake. Soko la Kigoma halimjui hata mmoja, maana hajai mkononi. Lakini ndiye atakayeondoka kwanza kipande cha mawe kikikauka.

Kwa hiyo, kwa kigezo hiki, mtambo wa maporomoko, ambao kwingine unaonekana wa wastani, ndio wenye hatari kubwa zaidi kwa samaki wa mawe, kwa sababu unatafuta mteremko uleule wanaoutafuta wao. Bwawa linazamisha mawe hayo na kufunga njia ya wapandao mto. Banio la Luiche linaweza kumgusa yule wa Luiche, hasa likichukua maji pale penye mawe badala ya chini kwenye tambarare. Na huko kwenye mafunjo hesabu ni nyingine: korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye domo pana anayesimama saa nzima bila kujitikisa, pamoja na nzohe, wanahitaji kina cha maji kisichobadilishwa na kinamasi kisichokatwa mifereji. Mtambo ulio chini ya kinamasi hauwasumbui sana. Bwawa au skimu kubwa juu yake ingewasumbua.

Kuuacha mto kunawaacha wote walipo. Ila gridi tunayoikimbilia nayo ni maji ya mtu. Megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere zinatoka Rufiji, ndani ya eneo la urithi wa dunia ambalo wahifadhi walilililia. Tukisema mto wetu usiguswe, tuseme pia kwamba tunatumia wa wenzetu.

Mkikosea

Bwawa halirudi nyuma, kwa vitendo. Mtambo unaweza kurekebishwa kwa kuongeza maji yanayoachwa yapite, lakini kila lita inayoachwa ni umeme usiouzwa, kwa hiyo kama kiwango hakikuandikwa kwenye kibali na mkataba tangu mwanzo, msitegemee huruma. Banio ndilo rahisi kulifunga kwa mikono na gumu kulifunga kwa siasa. Jaribu kumwambia mtu mwenye ekari tatu za mpunga unaochanua kwamba zamu yake imekwisha. Uamuzi wa kuuacha mto unaweza kubadilishwa mwaka wowote, na gharama yake ni ile miaka iliyopita bila huduma.

Fedha na usimamizi

Bwawa na mtambo ni fedha za serikali na wakopeshaji, na hao huja na masharti ya mazingira yanayoweza kuwa silaha ya kijiji kama kijiji kinayajua. Banio liko chini ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na kamati ya wakulima wenyewe, kwa hiyo uimara wake ni uimara wa kamati. Sola: ulizeni nani atabadili betri. Njia tatu za kwanza zinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira inayopitiwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Kulingana na hali yako

Kama kijiji chenu kina maporomoko na mkoa unataka umeme mwingi, mtambo unaweza kuwa sahihi, kwa sharti kwamba kipande kinachorukwa kimechunguzwa samaki na konokono masika na kiangazi, kabla ya mkataba. Akikutwa wa pale pale tu, ombeni kizuizi kisogezwe juu au chini kabla ya kuomba mradi ufutwe. Mara nyingi kuna mteremko mwingine.

Kama mko kwenye tambarare ya mpunga na watu wanakosa chakula, banio linawafaa kuliko megawati. Lichukue maji chini ya maeneo ya mawe, mifereji isakafiwe, na kiwango cha maji cha kufunga lango kichorwe kwa rangi kwenye nguzo ya daraja, kila mtu akione, asibaki nacho mhandisi peke yake.

Wafugaji wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaodai bwawa kwa ajili ya ng'ombe, mara nyingi malambo yaliyochimbwa nje ya mto yanatosha, na hayafungi njia ya samaki yeyote. Bwawa la mtoni lina maana pale mji mzima unapokosa chanzo kingine na hakuna bomba litakalofika.

Kama mnachohitaji ni taa za shule, friji ya chanjo na pampu ya kisima, msigombee mto kabisa. Gridi ikiwa imefika kata ya jirani, ingojeni. Ikiwa mbali, sola. Kiwanda cha mawese au ghala la barafu la samaki ni habari nyingine, na hapo hoja ya mtambo inapata uzito.

Vijiji vya kando ya mafunjo, upande wa Nguruka na kuzunguka Ziwa Sagara, vina faida ambayo havijaitumia vya kutosha: mashine za chini zinategemea kinamasi chao. Mkiombwa kuacha kulima ndani ya kinamasi kwa ajili ya umeme, ombeni na ninyi sehemu ya mapato ya umeme huo ilipe doria na visima vya pembeni.

Na wewe diwani unayeletewa ripoti nene siku mbili kabla ya kikao, fungua kurasa tatu tu. Ukurasa wa ramani ya kipande kinachorukwa. Ukurasa unaoonyesha sampuli za samaki zilichukuliwa miezi gani. Ikiwa ni Machi peke yake, irudishe. Na ukurasa wenye kiasi cha maji kitakachoachwa Septemba, kwa tarakimu, pamoja na cheo cha atakayekipima.